Nyongeza ya Gemu kwa Bei ya Marekani

Ukilalamikia bei ya nyongeza za gemu, utajibiwa kwa hoja zilezile. Hapa Mpanda, mkoani Katavi, nazo zimefika, na wanaozitetea ni vijana wa mabanda ya PlayStation, ambao bei hizo zinawaumiza wao kwanza.

Wanasema bei moja kwa dunia nzima ndiyo haki. Si haki hata kidogo. Shadow of the Erdtree, nyongeza ya Elden Ring, ilitoka Juni 2024 kwa dola 39.99. Mmarekani anayelipwa kima cha chini cha shirikisho, dola 7.25 kwa saa, anaifikia kwa saa tano na nusu za kazi. Kwa mtumishi wa umma wa Katavi anayepokea kima cha chini cha shilingi 500,000, kilichoanza Julai 2025, bei hiyo ni karibu laki moja, yaani moja ya tano ya mshahara wa mwezi. Na wauzaji wanalijua hilo. Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, inauza kwa randi Afrika Kusini, na tangu Novemba 2023 imetenga daraja lake la bei kwa Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini. Mtanzania bado anapangiwa bei ya dola ya Mmarekani.

Eti bei ikishuka huku, wenye nazo watajifanya Watanzania. Kinga ipo tayari: Steam hudai njia ya malipo ya nchi husika.

Eti ni anasa, asiye na hela aache. Kwa hadithi ya ziada, nakubali. Kwenye gemu za mpira sikubali, maana pakiti za wachezaji za Ultimate Team zinauza nguvu uwanjani, na unalipa bila kujua utampata mchezaji gani. Mwaka 2018 Ubelgiji iliziona pakiti za namna hiyo kuwa kamari, na Januari 2019 EA, kampuni inayotengeneza gemu hizo, ikaacha kuuza huko FIFA Points, sarafu ya kununulia pakiti.

Hoja inayoniudhi zaidi ni kwamba Waafrika hawapendi kulipa. PlayStation haina duka la mtandaoni la Tanzania. Anayetaka kununua kihalali hufungua akaunti ya nchi nyingine, atafute vocha ya nchi hiyo, kisha ashushe faili kwa bando la simu huku salio likikatika kabla hajacheza dakika moja. Asiyependa kulipa angejitesa hivyo kwa nini?

Kampuni za gemu ziweke bei kwa shilingi, kwa kipimo cha kipato cha hapa, na zipokee M-Pesa na Airtel Money. Wanunuzi wapo.