Vital'O ina bidhaa bora, haina stakabadhi

Agosti 2024 Vital'O ya Bujumbura ilirudi kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika ikiwa bingwa wa Burundi, ikapangwa na Yanga. Mechi ya kwanza ilikwisha 4-0, ya pili 6-0. Kumi bila. Lakini kuna jambo jingine lililowauma mashabiki wa Buyenzi na Bwiza. Mechi ya kwanza, ambayo kwa ratiba ilikuwa ya nyumbani kwa Vital'O, nayo ilichezwa Dar es Salaam, kwa kuwa Burundi haikuwa na uwanja uliokidhi vigezo vya CAF. Mwenye nyumba akawa mgeni mara mbili.

Anayevusha mizigo Kobero anaielewa hali hiyo bila kufundishwa. Ni kama kulazimika kupanga bidhaa zako kwenye kibanda cha mshindani wako, siku yako ya soko, kisha wateja wote wawe wake.

Haikuwa hivi siku zote. Mwaka 1992 Vital'O ilifika fainali ya Kombe la Washindi Afrika. Ilitoka sare 1-1 na Africa Sports ya Ivory Coast, kisha ikafungwa 4-0 Abidjan. Mwaka uliofuata Simba ya Dar es Salaam ilifika fainali ya Kombe la CAF, nayo ikafungwa na timu ya Abidjan, Stella. Wakati huo Vital'O na Simba zilikuwa kwenye foleni moja. Leo Simba imerudi fainali ya Afrika, ya Kombe la Shirikisho mwaka 2025, na Yanga ilitangulia kufika fainali ya kombe hilo mwaka 2023. Vital'O imebaki kusimulia 1992.

Jibu la haraka ni vita, na si jibu la uongo. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa na nchi ikaingia kwenye umwagaji damu wa miaka mingi. Baada ya mapinduzi ya Julai 1996, majirani waliiwekea Burundi vikwazo vya uchumi ambavyo havikusimamishwa hadi Januari 1999. Wafanyabiashara wa umri mkubwa wanakumbuka bei ya sukari na mafuta ya siku hizo. Klabu haiwezi kunenepa katika mji unaokonda.

Hata hivyo vita peke yake haielezi yote. Mwaka 2013, miaka kadhaa baada ya bunduki kunyamaza, Vital'O ilikwenda Sudan ikatwaa Kombe la Kagame kwa kuifunga APR ya Rwanda 2-0. Ni kweli Simba na Yanga hazikwenda, kwa hofu ya usalama wa Darfur, lakini kombe ni kombe. Ni mwaka uleule ulioanza vibaya Bujumbura: Januari 27 Soko Kuu liliteketea kwa moto, na mitaji ya maelfu ya wachuuzi ikaondoka na moshi. Miezi michache baadaye mji huohuo ukawa na mabingwa wa Afrika Mashariki na Kati. Kipaji kilikuwepo. Swali ni kilikokwenda.

Kilivuka mpaka. Amissi Tambwe, aliyeng'ara katika Kombe la Kagame lile, alichukuliwa na Simba mwaka huohuo. Msimu wa 2013/14 alikuwa mfungaji bora wa Ligi Kuu Tanzania kwa mabao 19, kisha akarudia kazi hiyo msimu wa 2015/16, mara hii akiwa na jezi ya Yanga, kwa mabao 21. Saidi Ntibazonkiza, naye aliyepita Vital'O, aligawana kiatu cha dhahabu na Fiston Mayele msimu wa 2022/23, kila mmoja mabao 17. Miaka mingi kabla yao, Shabani Nonda alizaliwa Bujumbura, akacheza Vital'O, akapita Yanga, na mwaka 2004 aliingia uwanjani akitokea benchi la Monaco kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya.

Nyumbani, baada ya ubingwa wa 2016 Vital'O ilisubiri miaka minane kuupata tena. Kuanzia 2018 hadi 2023 hakuna klabu ya Bujumbura iliyochukua ligi. Kombe lilikwenda Ngozi kwa Le Messager mara tatu, Makamba kwa Aigle Noir, Gitega kwa Flambeau du Centre, na kwa Bumamuru. Kwa nchi hiyo ni habari njema, kwani mpira si mali ya mji mmoja. Ila mabingwa hao nao hawakufika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa. Wagonjwa wamebadilishana kitanda, ugonjwa ni uleule.

Wapo wanaosema Tanzania imeimeza Burundi kwa fedha. Fedha zipo kweli: mwaka 2021 Azam ilisaini mkataba wa haki za matangazo ya ligi wa miaka kumi wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Lakini kumlaumu mnunuzi kwa kuwa na pesa si hoja ya biashara. Hakuna anayetaka mpaka ufungwe ili kijana wa Buyenzi asiende Dar es Salaam kutafuta riziki. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 ili watu na bidhaa vipite. Kinachotakiwa ni vipite na karatasi zake.

Na karatasi zipo. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji kijana anaposajiliwa nje kwa mara ya kwanza kama mchezaji wa kulipwa, klabu zilizomlea zinastahili fidia ya malezi. Baadaye akiuzwa kabla ya mkataba wake kwisha, asilimia 5 ya bei hugawanywa kwa klabu zote alizozichezea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Chukua mfano: mchezaji akiuzwa dola 200,000, mgawo wote ni dola 10,000. Klabu iliyokaa naye kuanzia msimu wa miaka 12 hadi ule wa miaka 18 inastahili nusu yake, dola 5,000, bila kutoa jasho jingine. Akiuzwa tena, inalipwa tena.

Sharti ni moja: jina la mtoto liwe limesajiliwa shirikisho, msimu kwa msimu. Mwenye magunia ya mchele anajua kwamba bila hati ya asili ya bidhaa atatozwa ushuru kana kwamba mzigo umetoka nje ya Jumuiya. Mchezaji ambaye hakuandikwa popote alipokuwa na miaka 13 ni mzigo usio na hati ya asili. Hata akiuzwa Ulaya kwa mamilioni, Bujumbura haimo kwenye hesabu.

Uwanja unahitaji serikali na fedha nyingi, na ni haki kuendelea kuudai, kwa sababu bila mechi za nyumbani hakuna viingilio wala mdhamini. Lakini daftari la watoto halisubiri serikali. Linahitaji karani mmoja makini, kompyuta moja, na viongozi wasiokubali kijana aondoke na wakala usiku bila mkataba.

Hapo ndipo wafanyabiashara wanapoingia. Klabu nyingi za Burundi zinaishi kwa mifuko ya watu wa soko: huyu anatoa jezi, yule analipa basi la kwenda Ngozi. Huyo anayetoa ana haki ya kuuliza anachouliza dukani kwake jioni: leo kimetoka nini, na kimeandikwa wapi? Vital'O imeuza mali nzuri kwa zaidi ya miaka thelathini. Sasa ianze kuandika stakabadhi.