Kifaru cha kati si kifaru cha wastani

World of Tanks Blitz ni mchezo wa vifaru uliotoka mwaka 2014, na wanafunzi wengi ninaowajua wanao kwenye simu zao. Vifaru vyake ni vya aina nne: vyepesi, vya kati, vizito, na vile vya kuwinda vifaru vingine. Kwa maoni yangu, aina ya pili ndiyo tunayoicheza vibaya kuliko zote, na sababu moja kubwa ni jina lake. Tumelipokea kwa Kifaransa, char moyen, na pamoja nalo tumepokea maana ambayo neno moyen linayo katika maisha ya mwanafunzi: alama kumi juu ya ishirini, amepita lakini hakuna wa kumpigia makofi. Mchezaji anasema, "Hii iko moyen tu," kisha anakiendesha kama kizito kilichopungukiwa chuma, au kama chepesi kilichozidi uzito. Njia zote mbili zinamtoa vitani mapema.

Mwanafunzi wa isimu hawezi kupita hapa bila kusimama kwenye neno kifaru lenyewe. Waingereza walipokuwa wakiunda chombo hiki katika Vita Kuu ya Kwanza, walikiita tank, yaani tangi la maji, ili kuficha siri. Kilipoingia vitani kwa mara ya kwanza, huko Somme mwezi wa Septemba 1916, jina la kificho lilikuwa limekwisha kushika. Wafaransa walichukua char, gari la kukokotwa. Wajerumani walichukua Panzer, neno la deraya. Kiswahili hakikutafsiri hata moja kati ya hayo. Kilitazama kitu kizito, chenye ngozi ngumu na pembe mbele, kinachokwenda bila kuuliza njia, kikakipa jina la mnyama. Sarufi nayo ikafanya kazi yake: mnyama ni kifaru huyu amepita, chombo ni kifaru hiki kimepita. Hivyo ndivyo jina zuri linavyozaliwa: mtu anatazama kwanza, ndipo anaita.

Tutazame basi kifaru cha kati kinafanya nini. Katika mchezo huu timu mbili za watu saba hupambana kwa dakika saba. Kizito kina chuma cha kusimama mbele na kupokea makombora. Chepesi kina mwendo na macho. Mwindaji ana mzinga mkali, lakini mara nyingi hana kichwa kinachozunguka, hivyo lazima ageuze mwili wote. Cha kati hakimshindi yeyote kati ya hao katika kazi yake mwenyewe. Kinachoweza, na wengine hawawezi, ni kufika mahali panapohitajika kabla hapajaharibika, kikiwa bado na mzinga wa kutosha kumuumiza mtu. Watangazaji wa kandanda wa Tanzania wana neno kwa mchezaji wa namna hiyo: kiungo. Mashabiki wa Mazembe hapa Lubumbashi watasema milieu, lakini kazi ni ile ile. Hakuna anayemdharau kiungo kwa sababu si beki wala si mshambuliaji.

Kazi hiyo huanza kabla ya vita. Orodha za timu zote mbili zinapoonekana, mchezaji wa kifaru cha kati anapaswa kuzisoma kama mtahini anavyosoma nakala: wana vizito vingapi, sisi tunavyo vingapi, mwendo wao ni upi. Ramani iitwayo Mines (sisi watu wa Katanga hatuwezi kulisoma jina hilo bila kutabasamu) ina kilima katikati. Vifaru vya kati vikifika juu mapema, vinaona na kupiga pande nyingi. Lakini kupanda peke yako wakati adui ana vya kati vinne na ninyi mna kimoja ni kumpa adui zawadi. Orodha ilikuwa imekwisha kukuambia.

Jambo la pili ni hesabu ya kubadilishana makombora. Kizito kina uhai mwingi na mzinga mkubwa. Mkipigana moja kwa moja, kombora kwa kombora, utakwisha wewe kwanza. Lakini mzinga mkubwa hupakiwa polepole. Katika ngazi za juu, vingine huchukua zaidi ya sekunde kumi kati ya kombora na kombora. Kizito kikishapiga, kwa sekunde hizo ni nyumba isiyo na mlinzi. Hapo ndipo unatoka, unapiga mara moja au mbili, na kurudi ukutani kabla hakijawa tayari. Asiyehesabu sekunde za mwenzake afadhali achague kizito.

La tatu ni chuma. Chuma cha kifaru cha kati si kinene, bali kina mteremko. T-34 ya kweli, ile ya Wasovieti, ilikuwa na bamba la mbele la milimita 45, lakini limelazwa digrii 60 kutoka wima, hivyo kombora lililokuja sawasawa lilikutana na milimita 90 za chuma. Mchezo unafuata hesabu hiyo hiyo: kombora la kawaida likigonga kwa kulala sana, huteleza. Kwa hiyo mwili wa kifaru haukai hivihivi mbele ya adui. Ugeuze kidogo, lakini usiugeuze mpaka ubavu uonekane. Na pale penye mgongo wa kilima, ficha mwili na utoe kichwa tu. Hapa lazima ukijue chombo chako: mizinga ya vifaru vingi vya Marekani huinama vizuri, karibu digrii 10, lakini ile ya Kisovieti huinama kidogo tu, na mlimani itakulazimisha kutoa kifua chote.

La nne ni ubavu wa adui. Chuma cha mbele cha kizito ni ukuta; cha ubavuni ni mlango. Vifaru viwili vya kati vikimjia kutoka pande mbili, atageukia kimoja na kumpa kingine ubavu. Ukipiga gurudumu la mbele, mnyororo unakatika, naye anabaki pale pale huku mwenzako akipakia. Na la mwisho: baki hai. Dakika mbili za mwisho, wakibaki watatu kwa watatu, mwendo una thamani kuliko chuma. Kifaru cha kati chenye uhai nusu wakati huo kinaweza kurudi kulinda kambi au kuwinda kilichojeruhiwa; kile kilichokufa dakika ya kwanza kwa ushujaa hakiwezi kitu.

Sasa nirudi kwenye lugha, maana ndiyo iliyonifanya niandike. Katika mchezo huu marafiki huingia wawili wawili, wakizungumza kwa simu au wakikaa benchi moja. Nimewasikiliza sana. Anayeambiwa "avance!" anakwenda mbele mpaka afe. Anayeambiwa "chungulia!" anatoa kichwa, anatazama, anarudi. Hakuna aliyemfundisha. Amefundishwa na kitenzi, kwa sababu mtoto wa Kiswahili anajua tangu nyumbani kwamba anayechungulia hakai mlangoni. Kitenzi kimoja kimebeba somo ambalo mimi nimelieleza kwa aya nzima.

Najua walimu wetu wengine watasema kiungo ni neno la mpira, halina heshima ya istilahi. Nami nauliza: tangi la maji lina heshima gani? Wengine watasema jambo zito zaidi: katika nchi ambayo ndugu zetu wa mashariki wanakimbia silaha za kweli, si aibu kuandika juu ya vifaru vya kuchezea? Swali hilo silipuuzi. Sisemi kwamba mchezo unafundisha vita, wala kwamba vita ni mchezo. Aliyekimbia na mtoto mgongoni anajua tofauti kuliko sisi sote. Ninachosema ni kwamba vijana wanakaa humo kila jioni, na wanapokaa humo wanaunda maneno. Mtafiti wa lugha hachagui kusikiliza pale panapompendeza peke yake.

Mazoezi yetu ya istilahi darasani huanza na orodha ya Kifaransa upande wa kushoto na nafasi tupu upande wa kulia. Tunajaza nafasi. Mwenye kamusi nzuri anapata alama nzuri, hata kama hajawahi kukiona kitu anachokipa jina. Kwa njia hiyo char moyen itakuwa kifaru cha wastani, na hakuna atakayekosoa, maana tafsiri ni sahihi. Usahihi huo ndio unaoniudhi. Wastani ni neno la hesabu na la kadi ya matokeo. Halimwambii mchezaji afanye nini.

Pendekezo langu kwa fakulte ni dogo. Katika zoezi lijalo, safu ya Kifaransa ifutwe. Kila mwanafunzi achague kazi anayoijua kwa mikono, iwe mchezo wa simu, gereji, jiko au mgodi, aeleze kwa Kiswahili kila kitu kinafanya nini, na kutoka katika maelezo hayo atoe jina. Mimi nimetoa langu: kifaru kiungo. Anayeona halifai alete lingine, lakini kwanza acheze vita kumi, na aje na neno litakalomfundisha anayeanza mahali pa kusimama.