Tawi Si Mfuko wa Makao Makuu

Wako watu wasemao kwamba tawi la chama ni mkono tu, na kichwa kiko mjini. Kazi ya mkono ni kupokea amri na kupeleka ada. Maneno hayo nayakataa.

Sisi wa Ikolo twalijua ziwa letu. Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hulijaza Ziwa Nyasa. Nalo huturudishia mvua juu ya mpunga wetu. Ziwa linywalo mito lisirudishe mvua ni shimo.

Tutazame mambo yaliyopita. Chama cha African Association kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1929. Tawi la Dodoma likafunguliwa mwaka 1933, na la Unguja 1934. Walimu na makarani waliohamishwa kazini ndio waliokichukua bara. Hata TANU ilipozaliwa, tarehe 7 Julai 1954, wajumbe wa majimbo walikuwamo. Bila matawi, wangalizungumza na kuta za Dar es Salaam.

Tena tutazame jirani. Huko Kenya kazi za hospitali zilipewa kaunti 47 mwaka 2013. Chama cha madaktari kilipaswa kushindana na kila kaunti, maana mwajiri alikuwa huko. Kwetu mshahara hupangwa na Serikali Kuu, lakini mengi ya mwalimu huamuliwa wilayani. Basi tawi lisilo na nguvu litamtetea nani?

Mimi nalikuwa mwanachama wa chama kimoja. Ada yangu ilikatwa kila mwezi, wala hapana aliyefika shuleni kwetu kuuliza hali, ila wakati wa uchaguzi.

Wengine watajibu: “Fedha ikibaki tawini italiwa.” Ni kweli, wezi wako kila mahali. Lakini mwizi wa hapa twaujua mlango wake. Wa mbali nani atamfuata?

Kwa hiyo yafaa fungu la ada libaki tawini, na mjumbe wa mkutano mkuu achaguliwe nasi, arudi kutueleza alilolisema na alilojibiwa.

Wala tusiwalaumu wakubwa peke yao. Mkutano wa tawi ukiitwa, huja wangapi? Asiyefika mkutanoni asinung’unike akiamuliwa na wengine.

Mwalimu, Ikolo