Chembe Hai Hazingoji Umeme

Sisi wa Nchelenge, kandokando ya Ziwa Mweru, twaijua malaria. Sindano mpya za kinga dhidi yake zimekwisha kujaribiwa Mali na Kenya. Kinga hiyo ni protini, na protini za namna hiyo kwa kawaida hutengenezwa na chembe hai za hamsta, panya mdogo wa China, zilizoanza kukuzwa maabarani mwaka 1957.

Chembe hizo zataka malezi. Hukuzwa katika maji ya lishe kwa joto la digrii 37. Zikiisha kuwa nyingi, mara nyingi joto hushushwa hadi 32 au 33. Hapo huongezeka polepole, lakini kila moja huweza kutoa protini zaidi. Oksijeni ikipungua, au uchafu wake ukizidi, mazao huharibika.

Wengine husema tujengewe kiwanda cha dawa hizo. Mimi nasema tuanze na umeme. Mwaka 2024 ukame ulipunguza maji ya Kariba, umeme ukakatika saa nyingi kila siku. Chembe zisingalingoja. Basi tudai umeme wa kutegemewa, nasi tujizoeze kupima kwa uangalifu. Jengo na lifuate.