WAZAZI WAAMBIWE KABLA YA KUOMBWA

Katika vitongoji vya pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Mbagala, Chamazi na Toangoma upande wa Temeke hadi Kunduchi, Bunju na Mabwepande upande wa Kinondoni, mzazi aletewaye barua ya shule hujiuliza maswali mawili kabla ya kuifungua: ni mchango wa nini safari hii, au mtoto amefanya kosa gani? Swali la tatu, kwamba huenda shule inataka kumpa habari au kumwomba shauri, halimjii kabisa. Hatumlaumu. Amefundishwa hivyo na mazoea ya miaka mingi, na mazoea hayo ndiyo tunayotaka kuyasema leo mbele ya viongozi wa Serikali wenye dhamana ya elimu, na mbele ya ndugu zetu wa Unguja, Pemba na Mafia, ambao wengi wao wana watoto wanaolelewa na shangazi na wajomba katika vitongoji hivyo hivyo.

Tunawazungumzia hasa watoto wa darasa la tano hadi kidato cha pili. Wazee wetu wanakumbuka zile zilizoitwa shule za kati, za darasa la tano hadi la nane. Jina hilo limekwisha kufutwa, lakini umri wenyewe haukufutwa. Ni umri wa mtoto ambaye hashikwi tena mkono kuvushwa barabara ya Kilwa, na bado hajawa mtu wa kuachiwa mambo yake mwenyewe. Ni katika umri huo ndipo anapofanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, anapohamia shule nyingine, na baada ya miaka miwili anapofanyiwa upimaji wa kidato cha pili. Tena ndipo anapojifunza utoro, kama ana tabia ya kuujifunza.

Sasa tazama mambo yanavyompata mzazi katika miaka hiyo. Mama wa Tandika ambaye mwaka jana aliweza kufungua daftari la mwanawe la Sayansi na kumwuliza swali moja au mawili, mwaka huu anafungua daftari la kidato cha kwanza na kukuta kila kitu kimeandikwa kwa Kiingereza. Hawezi kujua kama mtoto amepata au amekosa, isipokuwa kwa kutazama alama ya kalamu nyekundu. Katika shule ya msingi alikuwa na Kamati ya Shule, ambayo wazazi wenyewe huwachagua wajumbe wake kadhaa, na huenda mmoja wao alikuwa jirani yake wa kuchota maji pamoja. Katika sekondari iko Bodi, ambayo wajumbe wake huteuliwa, na si ajabu mzazi kukaa miaka minne bila ya kumjua hata mmoja. Kwa hiyo, wakati ule ule mtoto anapohitaji macho mengi zaidi, macho ya nyumbani yanafungwa kimoja baada ya kingine, wala hapana aliyekusudia ubaya.

Wako watakaosema kwamba wazazi wa vitongoji hivi hawajali, maana wakiitwa mkutanoni hawaji. Twadhani wasemao hivyo hawajatazama saa. Mkutano unaitishwa siku ya kazi, saa 4 asubuhi. Saa hiyo mchuuzi wa samaki yuko Feri tangu alfajiri, kibarua wa Chang'ombe yuko kiwandani, na mama lishe moto wake uko jikoni. Akiuzima amekwisha kupoteza mtaji wa siku nzima. Mtu aishiye Bunju au Chamazi hutoka nyumbani kungali giza na kurudi giza limekwisha kuingia, kwa sababu ya foleni za magari. Kumwita mtu huyo saa 4 asubuhi, kisha kumwandika katika kitabu kuwa hakuhudhuria, si haki. Jumamosi alasiri haimzuii Mwislamu wala Mkristo kwenda kusali, na wengi wangefika.

Na huo mwito wenyewe unapelekwa na nani? Na mtoto. Barua anayopewa mtoto wa miaka 13 imweleze baba yake kwamba yeye mtoto ni mtoro ina njia nyingi za kupotea kati ya lango la shule na mlango wa nyumba. Kila mwalimu analijua jambo hili, naye mwenyewe alipokuwa mtoto alilijua. Siku hizi yako pia makundi ya WhatsApp, nayo yamesaidia mahali pengi. Lakini mwenye simu ya tochi hayumo katika makundi hayo, na hata yule aliyemo hupekua salamu mia moja za asubuhi na matangazo ya fedha za masomo ya ziada kabla ya kuliona neno moja la maana.

Haikuwa hivi siku zote. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, nchi hii ilipoamua kuwaingiza watoto wote shuleni kwa mkupuo kufikia Novemba 1977, habari za shule zilipita kwa mjumbe wa nyumba kumi. Mjumbe alijua nyumba gani ina mtoto wa umri wa kusoma na mtoto gani anashinda gengeni. Hatusemi kwamba mambo yote ya wakati ule yalikuwa mazuri. Iko mikutano iliyokuwa ya kuamrishana, na mzazi alisikiliza tu. Lakini angalau alipata kusikia. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilimtia hatiani mzazi asiyempeleka mtoto shule, na dola ikajua namna ya kumpata nyumbani kwake. Kama twaweza kumpata mzazi ili ashitakiwe, hatushindwi kumpata ili aelezwe.

Kilichokuja kuharibu zaidi uhusiano huu ni fedha, na hapa hatuna budi kusema kwa uwazi. Ada ya shule za msingi iliondolewa kuanzia mwaka 2002 chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM. Hata hivyo michango ilibaki: ya madawati, ya mlinzi, ya mitihani ya majaribio, ya maji. Mtoto ambaye mzazi wake hakutoa alirudishwa nyumbani, na hivyo mtoto akawa ndiye mkusanyaji wa madeni. Januari 2016 elimu ikawa bila ada hadi kidato cha nne. Watoto wakamiminika, zaidi katika shule za Mbagala, ambazo nchi nzima ilizisikia kwa wingi wa wanafunzi na kwa kusoma kwa zamu. Kisha mwezi Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku walimu kushika michango, akaelekeza kwamba mwenye moyo wa kuchangia ampelekee Mkurugenzi wa Halmashauri.

Amri ile ilimwondolea mzazi mzigo, nasi hatuna sababu ya kuilalamikia. Lakini ilifunua jambo la aibu. Katika shule nyingi, fedha zilipoacha kuombwa, wito nao ukakoma. Mwalimu mkuu aliogopa kuita mkutano usije ukasemwa ni wa michango, na mzazi alipumua akasema shule sasa ni ya Serikali. Hivyo ikadhihirika kwamba kamba iliyowaunganisha ilikuwa ya michango peke yake.

Wakati huo huo fedha za umma zinaingia shuleni, na mzazi anayo haki ya kuzijua. Kiwango kilichopangwa tangu siku za MMEM ni Sh. 10,000 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka. Tangu mwaka 2016 zimekuwa zikipelekwa moja kwa moja katika akaunti ya shule, baada ya sehemu yake, kama Sh. 4,000, kuzuiwa kwa ajili ya vitabu. Shule yenye wanafunzi 2,000, ambayo kwa Temeke ni shule ya kawaida, ingetazamia kupata kama Sh. milioni 12 kwa mwaka, yaani milioni moja kwa mwezi. Kwa chaki, karatasi za mitihani, ukarabati na michezo ya watoto 2,000 hizo si fedha nyingi. Mzazi akiziona zimeandikwa ubaoni, zilizoingia na zilizotumika, atatambua mwenyewe kwamba mwalimu mkuu si tajiri. MMEM iliagiza hesabu hizo zibandikwe kwenye mbao za matangazo. Tunaomba agizo hilo lisiachwe kufifia, na ubao wenyewe uwekwe nje ya lango, si ofisini nyuma ya kabati.

Liko jambo jingine ambalo wakazi wa Mbagala hawahitaji kukumbushwa. Siku ya Jumatano, tarehe 29 Aprili 2009, ghala la silaha la jeshi liliporipuka, watoto wengi walikuwa shuleni. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha, na watoto wengi walitawanyika mbali na jamaa zao, hata Chama cha Msalaba Mwekundu kikawa na kazi ya kuwatafutia wazazi wao. Siku kama ile shule inayojua kila mtoto ni wa nani, anakaa mtaa gani na anapigiwa nani simu, hulala ikiwa na amani. Daftari la namna hiyo halijazwi siku ya balaa. Hujazwa Januari na kusahihishwa kila muhula, kwa sababu wapangaji wa Dar es Salaam huhama na namba za simu hubadilika.

Katika daftari hilo ndipo tunapowaona ndugu wa visiwani. Mtu wa Mafia avukaye kutoka Kilindoni hadi Nyamisati huingia Dar es Salaam kwa njia ya Mbagala, na mara nyingi huko ndiko anakomwacha mtoto kwa nduguye. Mtu wa Unguja na Pemba naye ana jamaa zake Magomeni, Mwananyamala na Temeke. Mtoto huandikishwa kwa jina la mjomba, na kwa shule baba yake ni kama hayupo. Mjomba naye, kwa kuona haya, hamwambii shemeji yake kwamba mtoto hakwenda shule majuma matatu, mpaka matokeo yatoke. Tunawaomba ndugu hao, wanapoleta watoto, wafike wenyewe skuli, kama wasemavyo Zanzibar, waandikishe majina mawili: la mlezi na la mzazi aliyebaki kisiwani. Na walimu wakuu wasione taabu kupeleka taarifa ya muhula ng'ambo ya maji. Ujumbe wa simu hauhitaji boti.

Haya yote yana haraka kuliko watu wengi wanavyodhani. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, katika toleo lake la 2023, inaifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka 6 na elimu ya lazima kuwa ya miaka 10. Watoto walioanza mtaala mpya wakiwa darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka ule ule ambao wenzao wa mtaala wa zamani watamaliza darasa la saba. Makundi mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza kwa pamoja mwezi Januari 2028. Wa Unguja na Pemba, ambao sera yao ya mwaka 2006 ilikwisha kuleta msingi wa miaka 6, hawatastaajabu kwa hesabu ya madarasa. Lakini tuwaulize wazazi kumi pale Mbagala Rangi Tatu, wangapi wanajua kwamba mtoto wao ataondoka shule ya msingi mwaka mmoja mapema kuliko kaka yake? Wangapi wameambiwa ni shule gani zitakazowapokea, iwapo watasoma kwa zamu, na iwapo binti wa miaka 12 atapanda daladala saa 11 alfajiri?

Mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa kuwa na watu 4,364,541 mwaka 2012, na 5,383,728 mwaka 2022. Milioni moja ya nyongeza haikwenda kuishi katikati ya mji; ilikwenda pembezoni, huko huko kwenye shule zilizojaa. Ukichanganya wingi huo na makundi mawili kwa mara moja, utaona kwamba Januari ile haitapita vizuri bila wazazi. Na mzazi atakayezipata habari hizo siku ya kwanza ya muhula, pamoja na ombi la kuchangia madawati, atakuwa na sababu ya kukasirika.

Nchi hii ina mfano wa kutazama. Kuanzia mwaka 2014 mpango wa EQUIP-Tanzania, uliogharamiwa na Uingereza, ulisaidia kujenga katika mikoa kama Dodoma, Kigoma na Tabora ule Ushirikiano wa Wazazi na Walimu uitwao UWaWa, ambao huwapa wazazi wawakilishi nafasi ya kukutana na walimu kuhusu mahudhurio, usalama na maendeleo ya watoto. Utaratibu kama huo, ukiwa na wawakilishi kwa kila darasa, unaifaa zaidi shule ya Temeke yenye maelfu ya watoto kuliko mkutano mmoja wa watu wote, ambao mwenye sauti kubwa ndiye anayesikika. Uwekwe pia katika sekondari, ambako Bodi iko mbali na mzazi.

Wakurugenzi wa Temeke na Kinondoni, na wenzao wa Ubungo na Kigamboni, wilaya zilizozaliwa kutoka kwa hizo mbili, wanazo hesabu za watoto wa makundi hayo mawili, shule kwa shule. Tunawaomba wamwandikie kila mzazi wa watoto hao barua moja ya Kiswahili chepesi, isiyotaja mchango wowote, ikieleza mtoto atamaliza mwaka gani, anatazamiwa kwenda wapi na mkutano utakuwa Jumamosi ipi alasiri. Nakala ibandikwe ofisi ya mtaa, isomwe misikitini na makanisani. Na katika mkutano huo, kabla ya afisa yeyote kuhutubia, wazazi wapewe nafasi ya kuuliza.