Subira Si Kukunja Mikono

Subira na shubiri ni ndugu wa tumbo moja. Maneno yote mawili tumeyapokea kutoka katika Kiarabu, na asili yao ni herufi zile zile tatu tulizofundishwa chuoni: swadi, be na re. Mama zetu wa pwani walilijua jambo hili bila ya kufungua kamusi. Mtoto alipotakiwa kuachishwa ziwa, walipaka shubiri penye chuchu, na mtoto akajifunza kwa ulimi wake kwamba kukua kuna uchungu wake.

Nimelikumbuka jambo hili hivi majuzi nilipokwenda Kitengela kumtazama mpwa wangu. Kijana huyu alikwenda bara kutafuta, akapata kazi, kisha kazi ikakatika. Yapata miezi minane sasa amejifungia chumbani, simu hapokei, swala anaswali pale pale kitandani. Dada yangu akanipigia akilia: "Kaka, nenda ukamwangalie mwanao." Basi nikapanda gari moshi Mombasa, nikateremka Syokimau, nikashika matatu.

Wasomaji wasioujua mji huu nawaambia kwamba Kitengela iko katika barabara ya kwendea Namanga, ndani ya Kajiado, nchi ya Wamaasai. Zamani hapa palikuwa malisho matupu. Mbuga ya wanyama ya Nairobi, iliyotengwa mwaka 1946, iliachwa wazi upande wa kusini, na pundamilia na nyumbu wakawa wakishuka huku mvua zikinyesha. Katika miaka ya themanini ranchi ya jamii ikagawanywa, kila mtu akapewa hati yake. Hati zikauzwa, nyua zikapigwa, na leo ghorofa zimesimama palipokuwa na ng'ombe, na kila hatua mbili pana ubao wa kuuza ploti. Kwa hiyo mtu anayezungumza juu ya kustahimili mageuzi asiende mbali, aje hapa.

Nilimkuta kijana wangu amekonda. Akanishika mkono, "Shikamoo Mjomba," kisha akanyamaza. Nilipomsihi awe na subira, akanijibu neno lililonichoma: "Mjomba, nimesubiri mpaka subira yenyewe imenichoka."

Akanieleza kwamba aliwahi kwenda kwenye mkutano wa kujenga moyo, katika ukumbi mmoja, kwa kiingilio. Huko waliambiwa kila asubuhi wasimame mbele ya kioo, waseme kwamba wao ni washindi. "Nilisema siku arubaini," akaniambia. "Kioo kimenijua, kazi haijanijua."

Nilicheka, naye akacheka, na nadhani hicho ndicho kilikuwa kicheko chake cha kwanza kwa siku nyingi. Lakini usiku ule sikulala. Nilijiuliza: je, mimi na yule mwenye ukumbi tuna tofauti gani? Yeye kamwambia sema na kioo, mimi nimemwambia subiri. Wote wawili tumempa maneno, na hakuna kati yetu aliyemwambia afanye nini kesho asubuhi.

Alfajiri jirani yake, mzee wa Kimaasai, alikuwa akienda mnadani Bisil, mbele ya Kajiado mjini. Nikamwomba atuchukue. Njiani nikamuuliza juu ya ukame. Msomaji atakumbuka kwamba tangu mwishoni mwa mwaka 2020 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, jambo ambalo wazee hawakupata kuliona. Mwezi wa Septemba 2021 serikali ikautangaza ukame kuwa janga la taifa. Hata ulipokwisha, mifugo zaidi ya milioni mbili ilikuwa imekufa nchini Kenya. Mzee wetu alikuwa na ng'ombe tisini. Akabaki na kumi na mmoja.

"Ulifanyaje, Mzee?" nikamuuliza. Nilitaraji aniambie kwamba alijikaza kiume. Hakuniambia hivyo. Alisema kwamba alilia. Kisha akauza baadhi ya ng'ombe mapema, wakingali na nyama, ingawa watoto wake walimpinga. Wengine akawahamisha na wanawe. Hao waliobaki walipoanza kuanguka, akafunga safari kwa miguu kwenda kwa mtu wake wa osotua.

Neno hili nimelipenda. Kwa Kimaasai, osotua asili yake ni kitovu, ule uzi unaomfunga mtoto na mamaye. Watu wawili wakifungana osotua, mmoja akipatwa na dhiki humwendea mwenziwe, humwomba kile anachokihitaji tu, na mwenziwe humpa kwa kadiri awezavyo. Si deni, wala hapana daftari. Basi ule ushupavu wa Wamaasai tunaousifu kwa mbali haukai kifuani mwa mtu mmoja peke yake. Umefungwa kwa nyuzi, na uzi mmoja ukilegea, mwingine hushika.

Tena Kitengela hii hii ndiyo iliyomtoa Richard Turere. Alikuwa mtoto wa miaka tisa alipoanza kuchunga ng'ombe wa babake, kando ya mbuga. Simba walikuwa wakiingia usiku na kuua. Mwanzo akajaribu moto. Ukawa unawaangazia simba njia tu. Akajaribu sanamu ya mtu. Usiku wa kwanza simba wakarudi, wa pili wakaing'amua. Usiku mmoja akawa anazunguka boma na tochi, akaona kwamba simba wanauogopa mwanga unaotembea. Akachukua betri kuukuu ya gari, kidude cha taa za ishara za pikipiki, balbu za tochi mbovu na kibao cha umeme wa jua, akatengeneza taa zinazowaka na kuzimika usiku kucha. Ujuzi wa umeme aliupata kwa kuifungua redio mpya ya mamake, na nusura mama amtoe roho siku hiyo. Simba hawakuingia tena bomani kwao. Majirani wakamwomba naye akawafungia na wao, na mwaka 2013 akasimama Marekani mbele ya watu wazima kuwaeleza.

Turazamie: taa zile hazikuwa jaribio la kwanza. Moto haukufaa, sanamu haikufaa. Kushindwa mara mbili hakukumfanya aseme kwamba yeye si mshindi, wala hakusema kwamba ni mshindi. Aliuliza tu, nini tena?

Na sisi Waislamu, hili si geni kwetu, ila tumelisahau. Nabii Yakub alimlilia Yusuf hata macho yakafanya weupe, na bado subira yake ndiyo tunayoitolea mfano. Basi kulia hakuvunji subira. Na yeye yeye ndiye aliyewatuma wanawe warudi wakamtafute ndugu yao, wala wasikate tamaa. Nabii Ayub, aliyepewa jina la subira, alipoomba hakuambiwa aendelee kulala; aliamrishwa aipige ardhi kwa mguu wake, ndipo maji yakatoka. Mwenyezi Mungu angeweza kuyatoa bila ya mguu wa Ayub. Lakini mguu ulitakiwa.

Ndiyo maana sipendi usemi wa siku hizi wa kuwataka vijana wawe na moyo mgumu. Katika lugha yetu moyo mgumu ni sifa ya Firauni. Tunachokitaka ni moyo thabiti, na moyo thabiti ni kama jahazi: huyumba kwa mawimbi, lakini nanga yake iko chini. Dhana njema kwa Mola ni katika dini, nami siikatai. Ila dhana njema isiyotoka nje ya mlango ni ndoto.

Tena tuseme kweli. Wako wakubwa wanaopenda mnyonge asubiri, kwa sababu akisubiri hawaulizi maji wala kazi. Subira ya namna hiyo si ibada, ni usingizi. Na yule ambaye huzuni imekuwa maradhi, halali wala hali, apelekwe kwa tabibu kama apelekwavyo mwenye homa. Hilo si upungufu wa imani.

Mpwa wangu hajapata kazi. Lakini tangu siku ile huamka alfajiri, huenda mnadani na mzee, anajifunza bei ya mbuzi. Sisi wajomba na mama wadogo tumechanga kidogo tukampa, bila ya daftari. Nilipoagana naye nikamwachia beti hii:

Subira si kutulia, ukalingojea tonge,
Ni mikono kuitia, kazini nyumba ujenge,
Jirani akililia, mlango usiufunge,
Kisha Mola twamwachia, shari zote atukinge.