MAZUNGUMZO YA KARANI: Kuonewa Kazini

Juma hili nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo twalijua sote lakini hatupendi kulitaja, yaani mtu kuonewa na mkubwa wake au na wenziwe mahali pa kazi.

Miaka kadhaa iliyopita, katika afisi ambayo sitaitaja, tuliletewa kijana mgeni aliyetoka masomoni. Mkuu wa chumba chetu alikuwa mtu hodari wa kazi, aliyejua kila faili ilipo. Katika juma lake la kwanza yule kijana alimwonyesha, kwa adabu kabisa, kwamba hesabu moja katika daftari la mapato haikuwa sawa. Hesabu ikasahihishwa. Tangu siku hiyo kijana akaitwa "Profesa."

Jina hilo peke yake si tusi. Lakini aliitwa hivyo mbele ya wakulima waliokuja na karatasi zao za mashamba, nao wakaanza kuona kwamba mezani pale ameketi mtu wa kuchekwa. Kisha faili zikawa zinatoweka mezani pake, na baadaye zikaonekana katika kabati ambalo ufunguo wake ulikuwa kwa mtu mmoja tu. Kazi ya siku mbili aliletewa saa kumi na nusu jioni, ikitakiwa asubuhi. Mkutano ulipoitwa hakuambiwa, na kesho yake aliulizwa kwa sauti kubwa kwa nini hakuhudhuria. Sisi tulicheka. Mimi nami nilicheka, maana niliona heri achekwe yeye kuliko mimi.

Baada ya miezi michache kijana alianza kukosea kweli kweli. Alisahau tarehe, alijumlisha vibaya, na mkono wake ulitetemeka alipoitwa. Makosa hayo yakaandikwa katika taarifa yake ya mwaka. Hapa ndipo penye ubaya wenyewe wa jambo hili: uonevu humfanya mtu akosee, kisha makosa yale yale hutolewa kuwa ushahidi kwamba hafai. Mtu asomaye taarifa ile bila kuijua habari yote atasema mkuu wa chumba alikuwa na haki.

Heinz Leymann, mwanasaikolojia aliyechunguza mambo haya huko Sweden katika miaka ya 1980, alionyesha kwamba uonevu wa kazini mara nyingi ni vitendo vidogo vidogo vinavyorudiwa. Kipimo chake kilikuwa angalau mara moja kwa juma, kwa muda wa miezi sita au zaidi. Kila kitendo peke yake ni kama mzaha, na ukikishitaki utaambiwa wewe ni mwepesi wa kununa. Sweden ilitunga kanuni ya kukataza uonevu huo mwaka 1993.

Lakini tusichanganye mambo. Mkubwa anayekukemea kwa kuchelewa hakuonei. Yeye hulitaja kosa lako waziwazi, huwapima wenzako kwa kipimo kile kile, na hukupa nafasi ya kujirekebisha. Mwonevu hataki ujirekebishe, kwa hiyo kosa lenyewe halitaji.

Na ninyi wakulima mlioajiri watu msidhani habari hii ni ya makarani peke yao. Nyapara anayekataa kikapu cha mchuma chai mmoja kila siku, huku majani kama yale yale akiyapokea kwa wengine, afanya jambo lile lile. Mwenye shamba asiseme hakujua. Nyapara amewekwa na yeye.

Watu husema, mwenye nguvu mpishe. Maneno hayo yafaa njiani ukikutana na fahali. Kazini hakuna pa kupishia, maana kesho utarudi.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inakataza kumsumbua mfanyakazi kwa sababu ya asili yake, dini, lugha, ulemavu, ujauzito na mambo mengine kama hayo. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi sharti awe na maagizo yaliyoandikwa ya kuzuia usumbufu wa kimapenzi. Tena mtu hawezi kufukuzwa kwa utovu wa nidhamu au kwa kazi mbaya kabla ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoielewa na kusikilizwa, akiwa na mwenzake wa kazi au mjumbe wa chama cha wafanyakazi. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba mtu aliyelazimika kuacha kazi kwa matendo ya mwajiri aweza kuhesabiwa kuwa amefukuzwa. Hata hivyo, usitupe barua ya kujiuzulu kwa hasira. Peleka mashtaka yako kwanza kwa maandishi kwa mkubwa aliye juu ya yule anayekuonea, na ubaki na nakala.

Mashtaka hayo hayana nguvu bila kumbukumbu. Nunua daftari dogo, uliweke nyumbani. Andika siku, saa, maneno yenyewe yaliyosemwa, na nani alikuwapo. Usiandike "alinidharau", andika alilosema. Na ujumbe wa simu uliotumiwa usiku wa manane usiufute, hata kama wakuchoma moyo.

Yule kijana alishauriwa hivyo na tarishi wetu, mzee ambaye sisi wenye elimu hatukuwa na desturi ya kumwuliza shauri lolote. "Mwanangu, andika," alimwambia. "Nami nikiulizwa nitasema niliyoyaona."

Alipomaliza kuandika miezi minne, barua ilikwenda juu. Afisa alikuja akatuita mmoja mmoja. Nilipoulizwa habari za lile kabati nilijibu kwamba sikuona kitu, nami nilikuwa nimeona. Mzee tarishi alisema alichoona, siku kwa siku, na maneno yake yalilingana na daftari. Mkuu wa chumba alipewa barua ya onyo, na kijana akahamishiwa idara nyingine kwa ombi lake mwenyewe.

Siku mzee alipostaafu tulimfanyia chai kidogo. Kijana alikuja kutoka idara yake na koti jipya la baridi, akamvika kwa mikono yake, akimwita baba. Kisha akatupa mkono sisi wengine. Mimi aliniuliza hali, akaupokea mkono wangu, akapita.